Askofu Aliyetengeneza Lifti

Wiki mbili zilizopita lifti ya maduka ya Qurum ilikwama tukiwa ndani, mimi na wasichana watatu wa darasa letu. Mmoja alipiga mayowe, mwingine akaanza kuwaaga wazazi wake kwenye simu isiyo na mtandao. Mimi ndiye mcheshi wa darasa, hilo kila mtu analijua mpaka mwalimu mkuu, kwa hiyo walinitazama wakingoja niseme kitu. Nilikuwa nacho tayari mdomoni. Kisha fundi akapenyeza chuma kati ya milango, ikaachana upana wa kiganja, na harufu ikaingia: grisi nzito, vumbi lililoungua, na jasho la mtu aliyepanda ngazi mbio. Nikaanza kulia. Si kulia kwa heshima na leso, ni kulia kwa kamasi. Sasa shule nzima inasema Apondi anaogopa lifti, na nimewaacha waseme.

Siogopi lifti. Mafundisho yangu ya dini niliyapata ndani ya lifti, kwa askofu wa Kipolandi aliyekuwa fundi wake.

Tulikaa Ruwi, huku Oman, nyuma ya kituo cha mabasi, kwenye jengo la ghorofa tano lenye milango mitatu kila ghorofa na lifti moja iliyokuwa ikiugua kila mwezi. Mama alipiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja. Mume wake, anko Barasa, aliendesha basi la kampuni kwenda Salalah na kurudi, nasi tulimwona kama tunavyouona mwezi mwandamo. Askofu alikaa ghorofa ya nne, fleti namba kumi na mbili. Jina lake lilikuwa Tadeusz, sisi Wakenya tukalikunja likawa Tadeo. Siku sita za wiki alivaa ovaroli ya buluu na kuingia kwenye mashimo ya lifti za mji mzima. Ijumaa, watu wakipumzika, alikuwa askofu. Kofia yake ndefu ya kiaskofu aliitunza ndani ya boksi la sufuria ya umeme ya kupikia wali. Fimbo yake ilikuwa ya mabomba mawili ya aluminiamu yanayoungana kwa nati, na alipokuwa akihubiri kwa hasira ile nati ililegea, kichwa cha fimbo kikaanza kuinama polepole kama mtu anayesinzia. Sijawahi kupata kitu cha kuchekesha zaidi kanisani, na nimetafuta.

Maisha yake niliyapata vipande vipande, kwa sababu watu wazima walikuwa wakinyamaza nikiingia. Ujanani huko Polandi alijifunza ufundi wa lifti, kisha akaacha akawa padri. Akatumwa Tabora, akakaa miaka mingi, akajifunza Kiswahili kilichonyooka mno, kama cha mtu anayesoma taarifa ya habari. Huko akampenda nesi wa kwao, Halina, akatoka kwenye upadri. Angekuwa mwingine angefungua duka na mambo yakaishia hapo. Yeye alirudi kwao akajiunga na kanisa dogo ambalo ni Katoliki kwa kila kitu, misa, watakatifu, ubani, isipokuwa haliko chini ya Papa, na mapadri wake huoa. Wakamfanya askofu katika ukumbi uliokuwa zamani kiwanda cha mikate, na yeye mwenyewe alisema siku hiyo Roho Mtakatifu alinukia hamira. Kanisa lenyewe halikuweza kumlisha askofu, akarudia kazi ya lifti. Halina alipofariki, akakubali mkataba wa Oman. Picha ya Halina ilining'inia ukutani sawa na ya Bikira Maria, na kwa mwaka mzima nilidhani ni watakatifu wawili, ila mmoja macho yake yalikuwa mabovu ndiyo maana akavaa miwani.

Mama alimhitaji kwa sababu moja. Alikuwa ameolewa kanisani Kisumu na baba yangu. Baba alienda Mombasa kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Mama alimngoja miaka minne, halafu akaolewa na anko Barasa kwa DC, ndoa ya serikali bila padri. Tangu siku hiyo, kwenye kila kanisa, wakati wa komunyo ulipofika wengine walijipanga na yeye alibaki kwenye benchi akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nimemwona mama yangu akisimama mbele ya pasi kutwa nzima, miguu imevimba. Sijamwona amechoka kama alivyochoka kwenye lile benchi. Siku alipomweleza Askofu Tadeo habari hizi, alizieleza kwa kirefu, na vyeti mkononi. Yule mzee hakuvisoma. Aliuliza tu, "Unaitaka komunyo?" Mama akasema anaitaka. "Basi njoo Ijumaa."

Tulikuwa watu kumi na tisa, na karibu kila mmoja alikuwa na benchi lake mahali fulani. Tulisali kwenye fleti yake saa ile wanaume wa jengo walipokuwa msikitini, jengo likiwa nusu tupu. Mapazia chini, televisheni ikipiga kelele za mpira, nyimbo tukiziimba kwa kunong'ona. Makanisa yana kiwanja chake kilichotengwa, na kukusanyika kusali kwenye fleti haikuwa ruhusa. Mama alinieleza mara moja tu, akinishika kidevu nisigeuze uso: "Ukienda kupayuka huko nje, Askofu anawekwa kwenye ndege. Na mimi narudi kukaa kwenye benchi. Umesikia? Huu si mchezo wako."

Nikasikia. Nilijua kunyamaza. Kwa bahati mbaya, ndicho kitu pekee nilichokifanya vizuri mwaka ule.

Katika kanisa lile watu wazima waliungama wote pamoja, kila mtu kimoyomoyo, na Askofu akawaondolea kwa mkupuo. Watoto hatukupewa nafuu hiyo. Mtoto aliungama kwa mdomo, peke yake, ili ajifunze kukitaja kitu kwa jina lake. Na kwa kuwa fleti ilikuwa ya chumba kimoja chenye masikio thelathini na nane, Askofu alituungamisha kwenye lifti. Aliingia nawe, akaipandisha mpaka katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akazungusha swichi kwa ufunguo wake, lifti ikasimama na feni ikanyamaza. Akavaa skafu yake ya zambarau juu ya ovaroli. Alikaa juu ya boksi la vifaa, akaangalia ukuta, asikuangalie wewe.

"Je, utamwambia mama?" niliuliza mara ya kwanza.

"La. Wala mama, wala polisi, wala wewe mwenyewe nikikutana nawe kwenye ngazi."

Sikumwamini. Nikamtega. Nikaungama kwamba nimetia chumvi kwenye chai ya bawabu wa jengo, jambo ambalo sikulifanya, nikangoja kuona litatokea wapi. Wiki ikapita, kimya. Nikatia chumvi kweli. Nikaungama tena. Kimya. Ndipo nikajua nimepata shimo lisilo na mwisho la kutupia mambo yangu.

Januari ilipofika, hewa ya Ruwi ikawa ya kuvutika, Askofu akafanya sikukuu ya Wafalme Watatu kama wanavyoifanya kwao. Alibariki chaki kwa moshi wa ubani alioununua Matrah, akabeba ngazi yake ya kazini, akapita kwenye milango mitano ya watu wake mle jengoni. Juu kabisa ya fremu, mahali ambapo hakuna anayeinua macho, aliandika K, msalaba, M, msalaba, B, na tarakimu za mwaka. Ni herufi za majina ya wale wafalme kwa lugha yao, na maana yake ni baraka ikae humu.

"Ndogo, Baba Askofu," Mama alimwambia, akichungulia ngazi kulia na kushoto. "Ndogo kama mchwa, tafadhali."

Sasa, wiki hiyohiyo alikuwa ametufundisha habari za Waisraeli kule Misri. Damu kwenye miimo ya milango, malaika anapita usiku, nyumba yenye alama anairuka. Mimi nikaangalia juu, nikaona mlango, nikaona alama, nikajumlisha.

"Na milango isiyo na alama?" nikauliza.

Aliyekuwa juu ya ngazi alidhani namuuliza somo. "Hiyo ilipoteza wazaliwa wake wa kwanza," akajibu, akamwomba Mama kitambaa cha kufutia mikono.

Nilisimama pale nikihesabu. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, mlango wetu una alama, mimi nimepona. Shamsa je? Shamsa alikuwa rafiki yangu wa ghorofa ya tano, mjukuu wa Bwana Nassor, mwenye jengo. Familia yao ilirudi Oman kutoka Unguja zamani, na nyumbani walisema Kiswahili kitamu kuliko chetu, jambo lililoniudhi. Alikuwa wa kwanza kwa mama yake. Na mlango wao ulikuwa wa mninga, umenakshiwa, una njumu za shaba, na hauna hata nukta ya chaki.

Kanzu nyeupe ya Askofu ililetwa kwa Mama kupigwa pasi, na chaki ilikuwa mfukoni.

Nilifanya kazi siku ya Jumatano kati ya saa nane na saa kumi mchana, Ruwi nzima inapolala. Nilibeba stuli ya plastiki. Mlango wa Shamsa nikauanza, nikaandika kwa herufi kubwa kama za bango, kwa sababu nilimwonea huruma malaika kusoma zile za mchwa gizani. Nikasimama nikaupenda. Halafu nikawaza, Apondi, utawaacha wengine? Nikashuka ghorofa kwa ghorofa: mwalimu wa Kimisri, wahasibu wa Kihindi, bawabu mwenyewe. Milango tisa. Uliobaki ni mmoja, ghorofa ya pili, kwa Feisal.

Feisal alikuwa binamu yake Shamsa, miaka kumi na moja, mzaliwa wa kwanza naye. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amenikata msuko mmoja kwa mkasi na kuufunga kwenye baiskeli yake kama mkia. Nilisimama mbele ya mlango wake na chaki mkononi. Nilikuwa najua maana ya kuuacha. Naandika hili bila kulipaka sukari: nilikuwa na miaka tisa, nikamhukumu mtu, nikachukua stuli yangu nikaenda nyumbani kunywa chai.

Baada ya magharibi tukasikia ukelele kwenye ngazi. Nikafungua mlango wetu wa ghorofa ya kwanza. Wanaume wawili walikuwa wamembeba Feisal amekunjika kama kiwembe cha kukunjwa, uso umekuwa rangi ya majivu, na mama yake, Bi Raya, anakuja nyuma peku. Walipotupita, Feisal aliniona. Angenitukana ningefurahi.

Nilipanda mbio mpaka ghorofa ya nne. Askofu alikuwa anakula mkate na samaki wa kopo.

"Lifti," nikasema.

Aliniangalia, akaacha mkate, akachukua ufunguo.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja, stuli, chaki, Misri, mkia wa baiskeli. Nilimwambia nimeua mtu. Hakucheka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, maana mimi ningecheka.

"Chaki ni chaki, Apondi," akasema akiuangalia ukuta. "Ni salamu ya kuikaribisha baraka mlangoni. Si ngao. Na Mungu hangoji mtoto amwonyeshe nyumba ya kuingia."

"Feisal atakufa?"

"Sijui. Lakini tumbo lake halikupata habari za chaki yako. Kosa lako ni kwamba ulitaka iwe hivyo. Unasikitika?"

"Nasikitika."

"Malipizi yako, basi. Mwambie mama yako. Leo."

Nikaanza kupatana naye kama tuko sokoni. Salamu Maria kumi? Hamsini? Rozari nzima nikipiga magoti juu ya mchele?

"Hizo kwako ni rahisi," akasema. "Mwambie mama." Akaniondolea dhambi, akazungusha swichi, feni ikaanza kulia.

Mama alikuwa kwenye pasi. Nilisimama mlangoni mpaka akageuka. "Nini wewe? Mbona umesimama kama mkuki?"

"Njaa," nikasema. Nikala ugali nisioutaka, nikamaliza sahani nzima.

Alhamisi asubuhi Bwana Nassor alituita kwenye majlisi yake, Askofu, na Mama kwa niaba ya Wakenya wa jengo. Mimi nilibebwa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniachia. Mazulia, birika la kahawa, sinia la tende. Bwana Nassor alikuwa mtu mpole mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa, na hakujua kwamba huyu ni askofu. Alimwita fundi.

"Fundi, mie nnakujua mwaka wa tatu huu. Lifti yangu ikilala wewe unaiamsha, hata senti hutaki. Sina ubaya na wewe. Lakini nsikize. Milango kumi na nne ya jengo langu imeandikwa misalaba. Mmoja umerukwa. Na kijana wetu wa mlango huohuo kapasuliwa tumbo jana, ndo kwanza kazinduka, alhamdulillahi. Mama yake anasema kafanyiwa kitu. Mie sisemi hivo. Mie nnataka jibu la kumpa."

Askofu alikuwa amevaa ovaroli. Aliweka kikombe chini. "Chaki ni yangu. Alama tano ndogo niliziandika mimi. Ni majina ya wafalme watatu, Mamajusi waliokuja toka Mashariki alipozaliwa Isa."

"Majusi? Waabudu moto?"

"Waliobeba ubani."

"Ubani wa wapi?"

"Wengine husema wa Dhofar, kusini huku kwenu."

Bwana Nassor karibu atabasamu. "Basi kwetu walipita, hawa." Mabega ya Mama yakashuka kidogo pembeni yangu. Lakini sauti ya Bi Raya ikatoka nyuma ya pazia, imekauka kwa kulia.

"Na hizo kubwa, baba? Muulize hizo kubwa! Mbona wangu kauruka?"

"Ewaa. Hizo kubwa nani kaandika?"

"Juu ya hizo," Askofu akasema, "sina neno."

"Hujui?"

"Sina neno, Bwana Nassor."

"Nipe jina moja tu, fundi. Kama ni utoto, yakhe, ntacheka. Wallahi ntacheka mbele yenu hapa. Mtoto kachezea chaki, basi, yamekwisha, ntamtuma akafute. Lakini mtu mzima kanikalia kimya, mgonjwa yuko hospitali, mie n'ende nikawambie watu nini?"

Nilikuwa na tende mdomoni. Nyama yake ilikuwa imekwisha, nimebaki na kokwa, na sikujua pa kuitemea. Mimi niliyewahi kutia mzaha hata matangani, hapo mtu mwenye jengo anaomba mzaha kwa kiapo, na ulimi wangu umelalia kokwa ya tende. Nikamwangalia Askofu. Nilikuwa na hakika atanitazama, hata kwa pembe ya jicho, na akinitazama ningesema. Ndivyo nilivyojipangia. Hakunitazama. Aliangalia kikombe chake cha kahawa kama vile mimi sikuwemo mle chumbani. Nikajiambia, anaogopa, huyu. Nikajiambia, au ameshasahau, ni mzee.

Mama akasema, "Bwana Nassor, tafadhali. Huyu ni mtu wa watu."

"Nnajua, mama. Ndo maana sipeleki maneno mahali. Lakini nyumba yangu aniachie, kabla ya Jumamosi. Na hiyo mikusanyiko ya Ijumaa mnayodhani sijui," akamwangalia Mama machoni, "basi tena."

Nikaimeza ile kokwa.

Kampuni yake ya lifti ilimhamishia kambi ya wafanyakazi, njia ya kwenda Sib, na aliondoka na boksi la wali na mabomba yake mawili. Bawabu alifuta milango kwa sabuni. Feisal akarudi na kovu, akalionyesha kwa kila mtu, akawa na kiburi mara mbili. Ungedhani yamekwisha.

Ijumaa ya wiki iliyofuata niliingia chumbani nikamkuta Mama amevaa gauni lake la misa. Kitambaa kichwani, viatu miguuni, mkoba mapajani. Amekaa ukingoni mwa kitanda. Nje adhana inaita, saa yetu ileile, na hakuna pa kwenda. Hakuwa analia. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Mama," nikasema, "ni mimi."

Nikamwambia mpaka mwisho, na malipizi nikamwambia. Nilingoja kofi. Ningelipenda. Alifunga mkoba, zipu ikachukua muda.

"Vaa viatu."

Tulianza ghorofa ya tano, Bwana Nassor akirudi kutoka msikitini. Alinisikiliza amesimama, mkono kwenye mlango.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mlango wangu ukauandika mwanzo?"

"Mwanzo."

"Kwa nini?"

"Shamsa asife."

Alivua kofia akajipangusa kichwa, akairudisha, akaivua tena. "Laiti ningejua Alhamisi ile. Sasa hata kucheka siwezi. Kampuni iliniuliza kisa, nikawaambia mtu hana jibu. Jana wamenambia washamkatia tiketi, kafili wake, yule mdhamini wa kibali, hataki maneno maneno." Akamwambia Mama kwa sauti ndogo, "Ntawapigia tena, mama. Lakini hao ukishawatia wasiwasi, basi." Alipiga kweli. Haikusaidia.

Kambini, tulikokwenda jioni hiyohiyo, wanawake hawaingii. Mlinzi alikuwa Mbaluchi mwenye huruma na saa kubwa ya mkononi. Akainua vidole vitano: dakika tano, hapohapo getini, wanaume wa zamu wakiwa kwenye foleni ya basi wote wanatutazama. Askofu alikuja na ovaroli japo ni Ijumaa, mikono myeusi kwa grisi. Alimfurahia Mama kama mtu aliyeletewa barua.

"Baba Askofu," Mama akasema, "huyu ameniambia yote. Kwa nini hukusema? Neno moja tu. Mzee yule alikuwa anakuomba!"

"Amekuambia nini?"

"Kwamba ni yeye aliyeandika milango. Kwamba alikuja kwako jioni ileile."

Alinigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa msamaha, kwa lolote. Uso wake ulikuwa na ule mshangao mdogo wa mtu anayesikia habari mpya, na sikuona pa kuushika.

"Kumbe," akasema. "Pole, mwanangu. Umefanya vema kumwambia mama."

"Lakini ulijua!" nikapiga kelele. Watu wa foleni wakageuka. "Nilikuambia kwenye lifti! Sema! Mimi mwenyewe nakuruhusu, mwambie Mama ulijua!"

"Nimwambie nini, Apondi?" akauliza kwa upole, kama ambaye hajawahi kuingia kwenye lifti nami.

Mama aliweka mkono mdomoni. Yeye alielewa kabla yangu. Akapiga magoti kwenye kokoto pale getini, gauni lake la misa na yote, na Askofu akatoa kikopo cha fedha kutoka mfuko uleule aliowekea bisibisi, akafuta vidole kifuani, akampa komunyo. Ilikuwa ya mwisho. Alisafiri wiki hiyo, na tangu hapo Mama amerudi kwenye benchi la kanisa kubwa, na hata Ijumaa hii iliyopita alikuwa palepale.

Mwaka jana nilimuuliza padri mmoja jambo hili, nikijifanya ni swali la shule. Akanieleza kwamba wapo mapadri ambao hata muungamaji akitangaza dhambi zake sokoni kwa kipaza sauti, wao bado hawajasikia kitu, kwa sababu yale maneno hawakuambiwa wao, aliambiwa Mungu. Nikamshukuru, nikaenda chooni, nikakaa muda mrefu.

Lakini pale getini nilikuwa na miaka tisa, na mzee niliyemharibia maisha alikuwa anakataa hata kunijua. Mlinzi alitupa dakika tano. Nilizitumia zote kumchukia.